Fundi aliniomba picha ya tepu

Ilikuwa usiku, nimeshavua viatu, nimefungua kwenye simu mchoro wa fremu ya baiskeli niliyoagiza kutengenezewa, kwa mara ya kumi na kitu hivi, nasubiri tu fundi aseme haya tuanze. Mchoro ulikuwa umekamilika. Kila paipu ina urefu wake, kila kona ina digrii zake, na chini kulia kuna kamstari ka kuweka sahihi. Badala ya kuniambia tuanze akanitumia ujumbe:

"Ndugu yangu, kabla hujasaini naomba unipigie picha ya tepu ya usukani wa baiskeli yako ya sasa. Yote, kuanzia juu mpaka kule mwisho chini."

Nikashangaa, lakini nikaenda.

Tepu yangu, yaani ule utepe unaozungushiwa usukani pa kushika, ni nyeupe, niliifunga mwenyewe miezi minane iliyopita. Nikawasha taa nikaanza kupiga. Sehemu ya juu, ile iliyonyooka karibu na shingo ya usukani (kile kipande kinachoushikilia), imekuwa ya kahawia iliyokolea, jasho na vumbi vimeingia mpaka ndani na ukipitisha kidole unahisi imelainika kama ngozi ya kiatu cha zamani. Kwenye vishikio vya breki imechubuka, upande wa kulia imeshafumuka na sponji ya ndani inaonekana. Alafu nikashusha simu kule chini, kwenye zile pembe zilizojikunja kama za kondoo dume.

Nyeupe pee.

Yaani kama siku nilipoitoa kwenye boksi, hata ile mistari midogo ya kiwandani bado ipo. Nikapangusa kwa kidole gumba nikidhani labda ni mwanga wa taa. Sio mwanga. Miezi minane, safari sijui ngapi, na mikono yangu haijawahi kukaa pale hata kwa muda wa kuacha doa.

Nikamtumia picha. Usiku ule hakujibu na wala hakukuwa na haja ajibu, maana nilikuwa nimeshaona alichotaka nione. Toka siku hiyo ni wiki sita jambo hili limenikaa kichwani, nalala nalo naamka nalo, kwa hiyo nimeona bora niandike.

## Nilichokuwa nimeagiza

Nikianza kueleza kwa nini nimechagua chuma na sio kaboni tutakesha, tuliache hilo. Niseme tu kwamba nilipomwandikia fundi mara ya kwanza nilijiona nimejiandaa kabisa. Nilikuwa nimepima baiskeli yangu kila mahali. Staki 542, richi 388, maana yake kutoka katikati ya krenki, ile mikono ya pedali, mpaka juu ya paipu ya usukani unapanda milimita 542 na unaenda mbele milimita 388. Kwa mtu wa urefu wangu hizo ni namba za baiskeli ya mashindano, mgongo unalala na kichwa kinaenda chini. Nikamwambia nitengenezee hii hii, ila paipu ziwe za chuma, breki ziwe za diski, rangi iwe kijani.

Sasa nikikumbuka naona nilikuwa kama mtu aliyeenda kwa fundi cherehani na suruali inayombana akasema nishonee nyingine kama hii. Fundi anayejua kazi hashiki mkasi hapo hapo. Anakwambia simama, geuka, hebu kaa, hapa inakushika vipi?

Nilipima mara mbili mbili, namba zilikuwa sahihi. Ila sikuwahi hata siku moja kujiuliza nani alinichagulia zile namba. Nilinunua ile baiskeli tayari imekamilika, nikaizoea, maumivu ya shingo nikayazoea pia, na baada ya miaka kadhaa nikaanza kuviita vipimo vyangu.

## Mguu wangu una urefu gani

Fundi hakutaka vipimo vya baiskeli peke yake, alitaka na vya mwili. Urefu wa mkono, kiwiliwili, upana wa mabega, na zaidi ya vyote urefu wa mguu kwa ndani. Unasimama peku mgongo ukutani, unabana kitabu kigumu katikati ya miguu mpaka kinakukaa vizuri pale unapokalia, mtu anaweka alama ukutani, unapima toka sakafuni.

Mara ya kwanza nikapata sentimita 81. Kesho yake nikarudia, 82.3. Siku ya tatu 80.6.

Mguu ni ule ule! Nilichobadilisha ni nguvu ya kubana kitabu, na labda asubuhi ile nilisimama wima zaidi. Ukitumia ile kanuni inayojulikana kwa jina la mwendesha baiskeli wa Marekani Greg LeMond, ya kuzidisha urefu huo kwa 0.883 ili upate urefu wa siti kutoka katikati ya krenki, basi siku ya pili siti yangu inatakiwa iwe sentimita 72.7 na siku ya tatu 71.2. Sentimita moja na nusu. Anayeendesha mara kwa mara anajua siti ikishuka hata nusu sentimita magoti yanakwambia kabla hujamaliza kilomita 20.

Hapo nikaanza kuogopa kidogo. Nimetafuta fundi ili nipate kitu cha milimita, na mwili wangu wenyewe hautulii kwenye milimita.

Nikamkumbuka Eddy Merckx, yule bingwa wa baiskeli wa Ubelgiji. Septemba 1969, miezi michache tu baada ya kushinda Tour de France yake ya kwanza, alianguka vibaya sana kwenye uwanja wa Blois kule Ufaransa, mwendesha pikipiki aliyekuwa anamwongoza akafa pale pale, yeye mwenyewe nyonga ikapinda. Alisema baada ya siku ile hakuwahi tena kukaa kwenye baiskeli kama zamani. Toka hapo akawa mtu wa kubadilisha siti kila wakati, juu kidogo, chini kidogo, hadi katikati ya mashindano. Na ndo huyo huyo mwaka 1972 alikwenda Mexico City akavunja rekodi ya umbali wa saa moja, kilomita 49.431, juu ya baiskeli aliyotengenezewa na fundi Mwitaliano Ernesto Colnago. Mtu ambaye mafundi bora wa dunia walikuwa wanampimia bado alikuwa anatafuta pa kukaa.

Hilo lilinipa moyo, sio siri. Nikamwandikia fundi nikampa namba zote tatu, sikumchagulia moja. Akajibu vizuri sana, akasema siti inapanda na kushuka kwa kulegeza boliti, tusigombane nayo. "Tugombane na vile ambavyo ukishachomelea havirudi."

## Nilichoogopa

Wiki moja baada ya ile picha ukaja mchoro wa pili.

Staki 578. Richi 376.

Usukani umepanda milimita 36 na umerudi milimita 12. Niliangalia zile namba nikahisi kitu kifuani, sijui niite nini, kama vile mtu amekutazama usoni akakwambia umri umeenda. Nina miaka 43. Nimekua nikiangalia waendeshaji wa mashindano wamelala juu ya usukani, mikono iko chini kabisa kwenye zile pembe, mgongo umenyooka kama meza, na kila nilipowaza baiskeli ya kutengenezewa mimi ndo picha iliyokuwa inanijia. Sio kwamba nataka kushindana. Nataka tu ile sura. Nataka baiskeli ikiegemezwa ukutani ionekane imeinama mbele kama inataka kuondoka.

Na mchoro wa pili haukuinama.

Nikaisoma tepu kama hukumu. Mwili wako hauwezi, ndo tepu inavyosema, na fundi ameona, na sasa anakutengenezea baiskeli ya mtu asiyeweza. Siku kama tatu sikumjibu. Nikawa naamka alfajiri najinyoosha misuli ya nyuma ya mapaja, nagusa vidole vya miguu, najiambia nikifanya hivi miezi mitatu nitarudi kwenye mchoro wa kwanza.

Alafu akapiga simu mwenyewe. Sitasahau yale maongezi. Nikamwambia ukweli, fundi mi naona kama nimeshindwa, tepu imeonyesha siwezi kushika chini.

"Nani kakwambia huwezi?" akasema. "Usukani wako una kina cha sentimita 12 na nusu toka juu mpaka chini. Pale juu tu umeshajikunja hadi shingo inauma, alafu unatakiwa ushuke tena 12 na nusu. Magoti yatapiga tumbo, breki utazifikia kwa ncha za vidole. Nani angeshika pale? Mi kwenye picha sijaona mtu asiyeweza, nimeona usukani usiofikika."

Nikakaa kimya.

"Nikikupandishia, ndo utaanza kwenda chini."

Tepu ni ile ile. Mimi niliisoma nikaona udhaifu wangu, yeye akaisoma akaona kosa la baiskeli. Na huyo ni mtu ambaye hajawahi kuniona nikiendesha hata mita mia.

## Sikumwamini

Nilimheshimu, lakini sikumwamini, na nadhani hata yeye alijua kwa sababu kabla ya kukata simu alisema usisaini kitu, nenda kajaribu kwanza kwenye hiyo uliyonayo.

Kujaribu kwenyewe ni kazi ya dakika 20. Shingo ya usukani wangu ina urefu wa milimita 100 na imeinama digrii 6. Ukiigeuza juu chini inakuwa imepanda digrii 6, na hapo peke yake usukani unapanda kama sentimita 2. Juu yake kulikuwa na pete za milimita 15 zimekaa bure toka siku ya kununua, nikazitoa nikazipanga chini. Jumla kama milimita 34 kwenda juu, na kwa kuwa paipu ya usukani imelala nyuma kidogo, kila unapopanda unarudi, kwa hiyo usukani ulisogea nyuma kama milimita 10 na nusu. Karibu kabisa na mchoro wa pili, bila hata kuchomelea kitu.

Nikafunga tepu mpya. Nyeupe tena, makusudi.

Safari ya kwanza niliichukia. Naona mbali mno, mikono imekuwa mepesi, mbele pamekuwa pepesi, kwenye kona za kwanza nilihisi gurudumu la mbele halina uzito wa kutosha. Niliporudi nilitaka nigeuze shingo ya usukani palepale nirudishe kama zamani. Kilichonizuia ni kwamba nilikuwa nimeendesha masaa matatu na nilipovua kofia shingo yangu haikuuma. Nikakaa nikisubiri ianze. Haikuanza.

Wiki ya pili nilikutana na upepo. Ule upepo wa mbele kabisa, mrefu, barabara imenyooka hakuna hata kichaka. Zamani hapo ndo nilikuwa nashika juu, nainua kifua kama pazia na kusubiri upite, na ni ujinga kwa sababu sehemu kubwa ya upepo unaopigana nao kwenye baiskeli inapigana na mwili wako, fremu ni kitu kidogo sana hapo. Siku hiyo nilikuwa nimeshaenda kama kilomita mbili ndo nikagundua nimeshika chini. Sikuwa nimeamua. Mikono ilikuwa imeenda yenyewe.

Nikaogopa kuitoa, kweli kabisa, kama ndege aliyekutulia kwenye bega.

Viwiko vimekunjika, kifua kimeshuka, napumua vizuri, magoti yanapita pembeni ya mbavu bila kugonga chochote. Nikabaki hivo dakika nyingi, sijui ngapi. Kumbe mtu mwenye usukani wa chini anayeshika juu amesimama wima kuliko mtu mwenye usukani wa juu anayeshika chini, hesabu ndogo tu na mimi miaka yote sikuipiga.

## Basi baiskeli mpya ya nini

Hili ndo swali lililonitesa wiki ya tatu na ya nne, na nadhani mtu yeyote anayepanga kutengenezewa baiskeli lazima alipitie kwa uaminifu. Kama nimepona shingo kwa kugeuza kipande kimoja na kuhamisha pete, basi nibaki na hii hii, niache kuagiza, niache na fundi afanye kazi za watu wengine.

Nikachukua daftari nikaandika nini bado hakijapona.

La kwanza lipo kwenye kiatu changu cha kushoto. Pembeni ya kidole kidogo kina mchirizi mweusi wa mpira wa tairi. Kwenye fremu hii, ukikata kona ndefu kwa mwendo wa taratibu na pedali ikiwa mbele, ncha ya kiatu inagusa tairi la mbele. Nimeshaanguka mara moja kwa ajili hiyo, nilikuwa nageuza kwenye mlima, mwendo mdogo, goti likachubuka. Toka hapo huwa nageuza kwa woga.

Nilidhani dawa yake ni kusogeza gurudumu mbele basi, ila fundi akanieleza kwamba ukisogeza ovyo unaharibu usukani. Chora mstari katikati ya paipu ya usukani uushushe mpaka ardhini. Alafu angalia tairi linagusa ardhi wapi. Mguso wa tairi unakuwa nyuma ya ule mstari, na ile nafasi kati yake ndo wanaiita treili. Ndo inayofanya gurudumu lijifuate lenyewe, kama vigurudumu vya kiti cha ofisini vinavyogeuka kufuata unakosukuma. Ikiwa kubwa sana baiskeli inakuwa nzito kugeuka, ikiwa ndogo sana inakuwa na kiherehere.

Baiskeli yangu ya sasa paipu ya usukani imelala digrii 73, foko, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, imejikunja mbele milimita 45, tairi la upana wa milimita 28. Treili yake ni kama milimita 57. Fundi kwenye mchoro mpya ameilaza paipu ya usukani mpaka digrii 72, foko akaipa mkunjo wa 50, tairi la 32. Treili ikatoka kama 59. Tofauti ya milimita mbili! Baiskeli itageuka karibu vile vile ninavyoijua, lakini gurudumu la mbele limeenda mbele milimita 14 hivi. Toa milimita 4 za unene wa tairi, ongeza krenki ya 165 badala ya 172.5 inayorudisha kiatu milimita 7 na nusu, unapata nafasi ya kidole kizima. Nilirudia hesabu ile kwenye daftari kama mara nne kwa furaha tu.

Na katika kurudia ndo nikaona kitu kingine ambacho kiliniuma kwa muda niliopoteza. Ile richi ya 376 iliyonitisha, ile niliyoona nimefupishwa, haikuwa ufupisho. Ukipanda milimita 36 kwenye mstari uliolala digrii 72 unarudi nyuma karibu milimita 12, hakuna namna nyingine. Paipu ya usukani iko pale pale ilipokuwa, imerefushwa tu kwenda juu. Siku tatu sikumjibu fundi kwa sababu ya namba ambayo ni kivuli cha namba nyingine.

La pili ni mlio. Fremu hii beringi za krenki zimesukumwa tu ndani bila nyuzi za kufungia kama za skrubu, na kila baada ya miezi zinaanza kulia, kriii, kriii, kila ukikanyaga kwa mguu wa kulia. Nimeshazitoa mara nne, nimesafisha, nimepaka grisi, nimerudisha. Kwenye mchoro mpya ni nyuzi za zamani zile zile, upana milimita 68, upande wa kulia zinafungwa kinyume. Hapa sikuwa na mjadala, nilisema ndio kabla fundi hajamaliza sentensi.

La tatu ndo lililonifanya niache kujiuliza. Fundi aliniuliza uzito wangu, nikamwambia kilo 68, akasema sawa, paipu ya chini tutatumia ya milimita 31.8 sio 34.9. Nikauliza kwa nini, si nene ni bora? Akanieleza kwamba ukuta ukiwa ule ule, ugumu wa paipu kwenye kupinda unapanda kwa kipenyo mara kipenyo mara kipenyo, kwa hiyo ile tofauti ndogo ya milimita tatu inaongeza ugumu karibu theluthi nzima. Kwa mtu wa kilo 90 ni sawa, anahitaji. Mimi ingenirusha tu kwenye barabara mbovu.

Hakuna kiwanda kinachoniuliza uzito wangu. Hakiwezi, kinatengeneza saizi moja kwa mtu wa kilo 55 na mtu wa kilo 95 na lazima kimhofie yule wa 95. Sikilaumu. Ila kwa mara ya kwanza nilielewa nini hasa naagiza, na haikuwa rangi ya kijani.

Alinitumia video fupi akiwa ameshika paipu yenyewe, kwenye ncha ukuta wake ni milimita 0.8 ambapo moto utapita, katikati umepunguzwa mpaka 0.5. Wazo hilo ni la zamani, Alfred Reynolds alilisajili Uingereza mwaka 1897. Fundi akaipiga katikati kwa ukucha ikalia kama kengele ndogo, ndefu, haikatiki. Nimeisikiliza ile video mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele za watu.

## Vitundu vya madigadi

Hili ni dogo nalipita haraka. Mchoro wa kwanza niliandika kwa herufi kubwa HAKUNA VITUNDU VYA MADIGADI, kwa sababu vinaharibu sura. Mchoro wa tatu vipo, vinne, nimeviomba mwenyewe. Mvua inanyesha na mimi huwa natoka. Uzito wa jumla utafika kama kilo 8.7, na UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, tangu mwaka 2000 imekataza baiskeli ya mashindano kushuka chini ya kilo 6.8, kwa hiyo nitabeba karibu kilo mbili zaidi ya wale ninaowaangalia. Kilo mbili ni chupa mbili na nusu za maji za pale kwenye fremu. Nimeridhika.

Rangi ni kijani bado. Hapo hakuna aliyenishauri kitu.

## Jumapili

Mchoro wa tatu nimekaa nao siku kumi bila kusaini. Fundi hakunisumbua. Sio kwamba nilikuwa na shaka na namba, namba nilishazikubali, ila kuna kitu ndani yangu kilikuwa kinauliza kama ile siku ya upepo ilikuwa bahati tu. Inawezekana mtu akafurahia kitu kipya wiki mbili alafu akarudi kwenye mazoea yake, mikono ikarudi juu, na fremu imeshachomelewa.

Jumapili nimerudi mchana, nimeegemeza baiskeli ukutani, nikachukua kitambaa nianze kuifuta kama kawaida. Nikaanza na cheni. Nikapanda kwenye fremu. Nilipofika kwenye usukani nikasimamisha kitambaa.

Pale chini upande wa kushoto, kwenye mkunjo, kuna doa. Sio kubwa, upana wa vidole viwili hivi, kijivu, na ndani ya kijivu kuna alama ya kidole gumba ambapo huwa kinabana. Upande wa kulia lipo pia, limekolea zaidi, kwa sababu huo ni mkono wangu wa nguvu. Nikapangusa kwa kidole kama nilivyofanya usiku ule.

Halikutoka.

Sikufuta usukani. Nikapiga picha, juu mpaka mwisho chini, nikamtumia fundi bila maneno. Baada ya saa moja hivi akajibu kwa kunirudishia mchoro wa tatu, amezungushia kale kamstari ka chini kulia kwa wino mwekundu.